Wenye silaha wa Texas: kuingia na bunduki nje nje kwenye biashara ya mtu kunatusaidia au kunatuharibia?

MhaWaDallas
Wakuu habari za jumapili. Naleta huu uzi kwasababu jana tumebishana vibaya sana sisi kwa sisi. Tulikuwa wanne, wote tunamiliki kihalali, tumetoka kulenga shabaha tukaenda kula kwa mama mmoja wa kwetu anauza nyama choma huku upande wa Dallas, sasa mwenzetu akashuka kwenye gari na bunduki yake ndefu ya AR-15 mgongoni kwamba anaingia nayo ndani. Nia mbaya hana, namjua miaka, ila anasema ni haki yake na watu inabidi wazoee kuona. Nikamwambia hapana ndugu yangu, hapa ni kwa mtu, na ndani kuna sherehe ya mtoto nayaona maputo kwenye kioo. Kairudisha garini lakini mpaka leo simu zangu hapokei.

Msimamo wangu nausema wazi. Mimi nabeba kila siku, bastola, imefunikwa na shati, na hiyo haki nitaitetea mpaka mwisho. Ila hii ya kwenda kundi zima na bunduki ndefu kwenye mgahawa wa watu ili upigwe picha, imetufungia milango sisi wenyewe tunaobeba. Na sio maneno yangu, angalieni yaliyotokea.

Starbucks mwaka 2010 walisema wao wanafuata sheria ya jimbo, kama jimbo linaruhusu karibu unywe kahawa yako. Hapo tulikuwa na kila kitu! Watu badala ya kunywa kahawa wakageuza kuwa sherehe, wakatangaza siku ya kuishukuru Starbucks, wanajazana na bunduki, na agosti 2013 wakapanga kufanya hivyo hivyo Newtown kule Connecticut, mji ambao watoto 20 na watu wazima 6 wameuawa shuleni disemba 2012. Duka likafungwa mapema siku hiyo. Mwezi uliofuata, tarehe 17 septemba, bosi wao Howard Schultz akaandika barua ya wazi anaomba wateja wasije na silaha. Mtu hakuwa adui yetu, tumemsukuma wenyewe mpaka kafika ukutani.

Mwaka 2014 ikawa zamu yetu Texas. Jamaa wakaingia mgahawa wa Chipotle hapa hapa Dallas na bunduki zao wakapiga picha, picha ikazunguka, mwezi mei Chipotle wakaomba silaha zisiletwe. Wakafuata migahawa ya Chili's na Sonic, julai maduka ya Target. Niambieni nani kashinda hapo, maana wale akina mama wa Moms Demand Action, wanaotaka silaha zibanwe, walitumia picha tulizopiga sisi wenyewe, hawakuhitaji hata kutafuta.

Nawasilisha, tujadili kwa hoja.

KijanaWaArlington
Mkuu nakuheshimu ila umeeleza nusu. Kwanini watu walibeba bunduki ndefu 2013 na 2014? Kwasababu sheria ya Texas ilikuwa inakataza bastola nje nje hata kama una leseni, ila bunduki ndefu ilikuwa ruksa bila leseni yoyote. Katazo la kutembea na bastola lina asili ya mwaka 1871 huko. Sasa unataka watu wadai vipi bastola ionekane? Walibeba kile kilichoruhusiwa ili bunge lione ujinga wa sheria yenyewe, na 2015 bunge la Texas likapitisha mswada wa HB 910, tarehe 1 januari 2016 wenye leseni wakaanza kubeba bastola nje nje kwenye hosta, yaani mkoba wake. Septemba 2021 tukapata kubeba bila leseni kabisa kuanzia miaka 21. Hizo haki unazobebea leo mkuu zimetoka kwa nani? Zimetoka kwa hao unaowasema.

Na ukijificha ficha kila siku watu wataamini anayebeba silaha ni jambazi tu. Mimi naenda nayo kiunoni dukani nasalimia watu nafungulia mzee mlango, watu wanajifunza kwamba mwenye silaha ni jirani yao. Haki usipoitumia inaota kutu.

MamaPilau_Houston
Mimi nina mgahawa na nina bastola pia, kwahiyo nisikilizeni nyie vijana wote wawili.

Miaka kadhaa nyuma waliingia kwangu wanaume watatu na bunduki ndefu, mmoja kaishika kifuani na mkanda, wawili mgongoni. Mchana kweupe. Nilikuwa kaunta na binti zangu wawili wanahudumia, pesa za wikiendi nzima zipo kwenye droo. Nataka mniambie, nina sekunde ngapi pale za kujua huyu ni mwanaharakati au amekuja kutumaliza? Hana beji, hana kitambulisho usoni. Mkono wangu ulikuwa chini ya kaunta tayari na nilikuwa natetemeka, na kama yule wa mbele angeshusha ile bunduki begani ili akae vizuri kwenye kiti, kitendo cha kawaida tu, mimi sijui leo ningekuwa naandika kutoka wapi.

Wakaagiza wali na kuku. Wastaarabu, wakasema asante mama, wakaacha na tip nzuri. Lakini meza nne ziliondoka na chakula hakijaisha, familia moja ya Kiganda iliyokuwa inakuja kila jumamosi hawajarudi tena. Binti yangu mdogo alijifungia stoo analia. Hakuna aliyeniuliza, mama tunaweza kuingia nazo? Ningejibu. Hata ningewapa meza ya nje.

Afande_Mstaafu
Shikamoo mama. Nimestaafu jeshi la hapa Marekani na sasa nafundisha watu kubeba. Hayo ya sekunde ngapi uliyouliza mama ndo somo lenyewe na watu hawataki kulisikia.

Tarehe 3 agosti 2019 El Paso hapa Texas, mtu alipiga watu risasi kwenye duka la Walmart, 23 walikufa. Siku tano baadaye, Springfield Missouri, kijana wa miaka 20 akaingia Walmart amevaa fulana ya kuzuia risasi, bunduki kifuani, risasi zaidi ya 100, anasukuma toroli huku anajirekodi kwa simu. Baadaye akasema alitaka kuona kama Walmart wanaheshimu haki yake. Meneja akabonyeza king'ora cha moto watu watoke. Nje akakutana na zimamoto mmoja ambaye hakuwa kazini, naye ana silaha yake, akamuweka chini ya mtutu mpaka polisi wakafika. Missouri kubeba nje nje hakuna kosa, lakini yule alishtakiwa kwa kutishia umma.

Sasa KijanaWaArlington fikiri hapo. Raia mwema mwenye silaha alikuwa pungufu ya robo tatu ya inchi ya triga kumuua mtu ambaye anasema naye ni raia mwema mwenye silaha. Wote upande wetu! Mwezi uliofuata Walmart wakaomba wateja wasibebe nje nje, wakaacha kuuza risasi za bastola, maduka ya Kroger nao siku ile ile, alafu ya CVS na Walgreens. Na Walmart hawakuwagusa wenye leseni wanaobeba kwa kuficha, wameandika kabisa. Kilichowachosha ni kile kinachoonekana.

Lingine la kiufundi. Ukibeba nje nje adui akiingia wewe ndo wa kwanza kupigwa, au utanyang'anywa kwenye foleni ya kulipia. Wanafunzi wangu nawaambia kama unalazimisha kuonyesha basi nunua hosta yenye kufuli, sio kile kitambaa cha dola 15, na usimpe mtu mgongo. Wengi hawana hata mafunzo ya kuilinda isichomolewe.

Otieno_Katy
Nakubaliana na afande. Mimi nimetoka Nairobi, na kila Mkenya hapa anakumbuka shambulio la mall ya Westgate, septemba 21, 2013, watu 67 waliuawa. Waliokuwa wa kwanza kuingia kuokoa watu kabla hata vikosi havijajipanga walikuwa pamoja na raia wenye leseni za bastola, Abdul Haji akiwa mmoja wao, dunia nzima iliona zile picha. Hao watu siku zote walikuwa wanakunywa kahawa kwenye mall kama hizo na hakuna aliyejua wako na bastola. Kwetu ukiwa na leseni unaificha, ukianza kuionyesha onyesha hiyo leseni inaweza kwenda. Na bado waliweza kusaidia. Kwahiyo hii story ati usipoonyesha wewe si shujaa sikubaliani nayo kabisa bana.

KijanaWaArlington
Otieno Kenya sio Texas, kule ni leseni ya kupewa, hapa ni haki ya katiba, usichanganye.

Afande nimekusoma na ya Springfield siwezi kuitetea, siku tano baada ya El Paso yule dogo alikosea na nimesema hivo siku zote. Ila mnachukua mtu mmoja mnatupaka wote. Bastola kwenye hosta kiunoni na bunduki kifuani ni vitu viwili tofauti!

MhaWaDallas
Hapo Arlington umenifurahisha, maana hilo ndo nilitaka tulifikie. Bunduki ndefu na bastola ya kiunoni ni tofauti, na hata viongozi wa hizo harakati waliliona mapema. Mei 2014 baada ya hiyo ya Chipotle, Open Carry Texas, kikundi kinachodai kubeba nje nje, na vikundi vingine walitoa tamko la pamoja kuwaambia wanachama waache kuingia na bunduki ndefu kwenye biashara za makampuni bila kukaribishwa. Wao wenyewe! Na NRA, chama kikubwa cha kutetea wenye silaha Marekani, mwisho wa mwezi huo huo waliandika kwamba hiyo tabia ni ya ajabu na inatisha watu, siku chache baadaye kiongozi wao Chris Cox akajitokeza kusema ilikuwa makosa ni maoni ya mfanyakazi tu, kwasababu watu walianza kukata kadi zao za uanachama. Mimi nadhani yule mfanyakazi alisema kweli na wakaogopa wateja wao.

Kuhusu HB 910 sikatai, presha ilisaidia, hilo nakupa. Lakini angalia kilichofuata. Whataburger, kampuni ya Texas kabisa, wateja wao ndo sisi, julai 2015 kabla hata sheria haijaanza kazi bosi wao akatangaza hawataki nje nje ndani ya migahawa yao, ila mwenye leseni akificha anakaribishwa. Maduka ya H-E-B nao hivyo hivyo. Unapata sheria Austin unaipoteza mlangoni kwa muuza baga. Ndo maana nasema haki hii inaishi kwenye milango ya watu zaidi ya bungeni, na mlango una mwenyewe, na mwenyewe naye ana haki yake ya mali ambayo ni ya zamani kama hii yetu.

Binti_wa_Mwanza
Naomba niseme kitu ambacho hamjakigusa na kinaniuma. Wote mnaoandika hapa ni weusi, sawa? Mnaongea kama vile tunasimama mstari mmoja na hao jamaa wa Open Carry.

Tarehe 5 agosti 2014, Beavercreek, Ohio, John Crawford, kijana mweusi wa miaka 22, yupo ndani ya Walmart anaongea na simu, ameshika bunduki ya upepo aliyoitoa kwenye rafu ya duka lenyewe, ilikuwa inauzwa! Mteja mmoja akapiga 911, polisi wakaingia wakampiga risasi akafa. Mama mwingine mnunuzi alianguka wakati anakimbia naye akafa. Ohio kubeba nje nje ni halali. Baraza la mahakama halikuwashtaki wale polisi. Huo ulikuwa mwaka ule ule ambao wenzetu walikuwa wanapiga picha Chipotle na bunduki za kweli na wakarudi nyumbani kula chakula cha jioni.

Philando Castile, mweusi mwenzetu, 2016 Minnesota alikuwa na kibali, bastola imefichwa, akamwambia polisi kwa adabu kwamba anayo. Mnajua kilichotokea, yule polisi akampiga risasi akafa. Na kesho yake Dallas, polisi watano waliuawa kwenye maandamano, jamaa mweusi aliyekuja na AR-15 kihalali picha yake ikawekwa na polisi mtandaoni kama mshukiwa, alikabidhi silaha mwenyewe na hakuwa na kosa lolote. Angekutana na mtu mwingine kwanza je?

Mimi nina bastola ya Glock 43, mume wangu anajua, dada zangu wanajua, basi. Sitaki mwanangu wa kiume wa miaka 22 ashawishike na hizi video akaenda nayo dukani. MhaWaDallas, huyo ndugu yako aliyekasirika mpelekee haya maneno yangu, mwambie dada yako wa Mwanza hataki kuchangia rambirambi yako.

Afande_Mstaafu
Dada umeongea. Na historia inakuunga mkono, mei 1967 Black Panther, kundi la wanaharakati weusi, waliingia na bunduki bungeni Sacramento, California, kihalali, wakati huo mswada wa kuwapokonya ulikuwa tayari mezani. Gavana Reagan akasaini sheria ya Mulford mwaka huo huo. Wakati wanaoonyesha silaha ni weusi majibu yalikuja haraka.

Otieno_Katy
Binti wa Mwanza nimesoma hiyo post yako mara mbili. Mungu akulindie huyo kijana.

Mgeni_Denton
Samahani wakuu niulize, mi niko hapa kwa viza ya mwanafunzi F-1, washkaji wamenialika kwenda kulenga shabaha na mmoja kasema atanipa ya kwake nitembee nayo kwasababu Texas haihitaji leseni siku hizi. Ni sawa?

Afande_Mstaafu
Mgeni_Denton USIGUSE. Sheria ya shirikisho inamkataza mwenye viza ya muda kama yako kushika silaha au hata risasi, kuna vipengele vichache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Texas kuruhusu haifuti hiyo, na kukodisha ya pale renji nako kunahesabika umeshika. Mwenye green card anaruhusiwa kumiliki, lakini nyie wenye green card mnaopenda kwenda kuonyesha onyesha jueni kwamba sheria ya uhamiaji inataja kabisa kubeba silaha kinyume cha sheria kama sababu ya kukufukuza nchini. Mzozo mlangoni kwa mtu umekataa kutoka, ukakutwa na hatia, muulize kwanza mwanasheria wa uhamiaji nini kinafuata, usiniulize mimi ukiwa umeshakamatwa.

Mgeni_Denton
Asante sana afande, sikujua kabisa. Naenda kumwambia leo leo.

MamaPilau_Houston
Mimi baada ya siku ile nilibandika karatasi mlangoni HAKUNA SILAHA, basi. Na nasikia Hawaii walitunga sheria kwamba mpaka mwenye duka akuruhusu ndo uingie nayo, kesi imefika Mahakama ya Juu. Mimi ningependa iwe hivyo hapa.

MhaWaDallas
Mama kwa heshima zote hapo ndo nakuomba unisikilize. Hiyo ya Hawaii nayo ni matunda ya hasira za watu, na ikifika kwetu itatugusa hata sisi tusioonekana.

Unajua sheria yetu ya kubeba kwa kuficha Texas ilitokea wapi? Killeen, mgahawa wa Luby's, oktoba 16, 1991. Mtu aliingia na lori dogo kupitia dirishani akaua watu 23 wanakula chakula cha mchana. Dk. Suzanna Hupp alikuwepo na wazazi wake, bastola yake kaiacha kwenye gari kwasababu sheria ilikuwa inakataza kuingia nayo, akawapoteza baba na mama pale pale. Akaenda kutoa ushahidi miaka mpaka 1995 George W. Bush, wakati huo gavana wa Texas, akasaini. Mimi kila nikiona karatasi ya kukataza kila kitu namkumbuka yule mama. Na ukiniambia niiache kwenye gari, gari likivunjwa hapo parking bastola imeingia mtaani.

Wanaokutisha ni wale wanaoonyesha. Sisi tuliofunika tumekula kwako miaka na hukujua, na tungekuwa upande wako siku mbaya ikija.

KijanaWaArlington
Mama naunga mkono hiyo, na naomba radhi kwa niaba ya hao watatu maana nawajua watu wa aina hiyo na hawakuwa na ubaya, ila kweli walitakiwa kuuliza. Kuuliza hakupunguzi haki ya mtu. Mimi ya kiunoni nitaendelea nayo pale ambapo hakuna bango, bunduki ndefu kwenye mgahawa nimeacha toka 2019.

Afande_Mstaafu
Mama hiyo karatasi yako kwa bastola haina nguvu unayodhani, Texas ina mabango yenye maneno yake maalum, yanaitwa kwa namba za vifungu vya sheria. 30.06 inakataza wenye leseni wanaoficha. 30.07 inakataza wenye leseni wanaobeba bastola nje nje. 30.05 ni ya wasio na leseni, hii imeingia na sheria ya 2021. Kwahiyo ukitaka wenye leseni waliofunika waingie na wengine wote wabaki nje, weka 30.07 na 30.05, usiweke 30.06. Maneno yawe kwa Kiingereza na Kispanyola, herufi kubwa zisipungue inchi moja, rangi ionekane, na 30.07 iwe kila mlango wa kuingilia, sio wa mbele tu.

Bunduki ndefu haina bango lake maalum, hiyo karatasi yako ya sasa iache kwa ajili hiyo, na ukimwambia mtu kwa mdomo toka basi anatakiwa atoke. Akikaidi bango tu ni faini isiyozidi dola 200, lakini akiambiwa kwa mdomo na akakataa kuondoka hapo ni kosa la daraja A, jela mpaka mwaka mmoja na faini mpaka dola 4,000. Usigombane naye, sema mara moja, mbele ya shahidi, alafu piga simu.

MamaPilau_Houston
Sawa afande, sasa nimeelewa, na wewe wa Dallas nimekusikia, yule dada wa Luby's nilikuwa simjui. 30.06 siweki.

Milango ninayo miwili, wa mbele na ule wa pembeni unaotokea parking ambao ndo walipitia wale watatu. Kioo cha mbele kimejaa tangazo la biryani ya ijumaa, nalitoa. Binti yangu mkubwa anafanya kazi kwa watu wa mabango, ameniambia nimtumie maneno yote mawili usiku huu na kesho kabla hatujafungua atakuja kubandika.

MhaWaDallas
Nakutumia PM sasa hivi mama, maneno kamili ya lugha zote mbili ninayo.